Nta ya Nyuki kutoka Kasaji

Nilisoma hadi darasa la tatu. Nalisema mwanzoni ili asije mtu akadhani ananifichua. Lakini kwa miaka ishirini na saba nilikata nyama ya wagonjwa nyembamba kuliko ganda la kitunguu, na katika madokta wote waliopita kwenye labo ya hospitali yetu hapa Kolwezi, weusi na weupe, sikumwona hata mmoja aliyenishinda kwa kisu. Wengine walijaribu. Niliwaachia kiti, nikasimama pembeni, nikawatazama wakikata vumbi.

Niliingia mle na ndoo. Kazi yangu ilikuwa kuosha chupa na kupiga deki. Mzungu mzee aliyeongoza labo alikuwa na fundi wake wa kukata, na fundi yule alipenda lutuku, pombe yetu kali ya kienyeji. Asubuhi moja mikono ilimtetemeka mpaka akajikata kidole, na chumba cha upasuaji kilikuwa kinangoja jibu. Nikaweka ndoo chini. Nikasema, "Tata, mi naona kila siku namna anafanya. Uniache." Akaniacha. Tangu siku hiyo ndoo ilibebwa na mtu mwingine.

Kazi yenyewe ni hivi. Dokta wa upasuaji anatoa uvimbe kwa mgonjwa. Unachukua kipande, unakilowesha katika dawa, halafu unakitia ndani ya nta iliyoyeyuka. Nta ikiganda unapata kitofali kidogo, kama kipande cha sabuni, na nyama imelala katikati. Unakifunga kwenye mashine yenye kisu kirefu, unazungusha mkono wa mashine, na nta inatoka utepe. Utepe unaelea juu ya maji ya vuguvugu, unauokota kwa kioo. Kisha kioo kinaingia katika dawa ya kuyeyusha nta, ibaki nyama tupu, ndipo unatia rangi. Dokta anaweka jicho kwenye darubini na kusema: hii ni kansa, hii si kansa. Mgonjwa yuko kitandani anangoja neno hilo. Ukikata vibaya, dokta anasema uongo bila kujua.

Halafu nchi ikaanguka. Sitaeleza yote, aliyekuwepo anajua. Mgodi uliporomoka, kampuni ikafuata, mishahara ikafuata kampuni. Askari walipora mji, wazungu wakaondoka, na mzee wangu wa labo akanipa jiwe lake la kunolea akaenda bila kugeuka. Nta ya labo, ile nyeupe iliyokuwa ikija katika masanduku kutoka ng'ambo, haikuja tena. Ile kidogo tuliyobaki nayo niliilinda kama mbwa, kwa sababu umeme ulikuwa unakatika kila mara na wauguzi wa uzazi walikuwa wananijia na vikopo vyao: "Mama, utupe hata hii ya zamani, tufanye mishumaa." Niliwaambia kwamba ndani ya hiyo ya zamani mna maini ya watu. Wakarudi na vikopo vyao.

Nta ilipobaki robo ya sufuria, nilikwenda stesheni siku ya treni ya magharibi. Watu wa Kasaji walikuwa wanateremka na ndoo za asali, na katika magunia walileta mabonge ya nta ya nyuki, ya manjano, ambayo mafundi viatu walikuwa wanaipaka nyuzi zao. Nilipewa bonge moja nikatoa kitenge changu kizuri. Nikaliyeyusha, nikalichuja kwa kitambaa mara tatu mpaka miguu ya nyuki ikaisha, nikachanganya: sehemu moja ya nyuki, tatu za labo. Na kukata je? Utepe ulitoka mrefu bila kukatika, kama tambi, hata mwezi wa kumi, jua linapopasua bati na sisi hatuna barafu ya kupozea kitofali. Nilijisifu peke yangu. Sikumwambia mtu. Ningemwambia, angeniuliza ni kitabu gani kimesema hivyo, na mimi sina kitabu.

Ndipo akaja yule dokta mwanamke. Baba yake alitoka mkoa wa Kasai zamani kuja kuendesha treni za shaba. Yeye alizaliwa hapa hapa, katika hospitali ile ile, akasoma hapa, akaenda Ulaya akapata udaktari wa pili, ule wa utafiti, na wenzake walipokuwa wanakimbia nchi yeye akarudi. Alikuwa mwembamba, mwenye haraka, na alinisalimu kabla sijamsalimu. Nilimpenda kwa hilo.

Alikuwa na swali moja. Alinikalisha kwenye darubini akaniuliza naona nini. Ulikuwa uvimbe wa titi. Nikamwambia naona kansa, na pembeni yake naona vidoti vyeusi vimejaa kama sisimizi.

"Hao njo basoda ya mwili," akasema, yaani askari wake. "Kwa mama mumoja banazunguka kansa bengi-bengi. Kwa mwengine habaonekane. Mi nataka kujua ni basoda gani, na juu ya nini kwa huyu banapigana na kwa ule banalala."

"Na hapa haiwezekane?"

"Hapa rangi yetu inaonyesha tu soda ni soda. Haionyeshe ni wa jeshi gani. Kule ng'ambo kuko dawa yenye kutambua kila mumoja kwa nguo yake."

Kwa hiyo alikuwa anatafuta nafasi katika labo ya huko, nafasi wanazopewa watu waliokwisha kupata udaktari wa utafiti. Jambo hilo lilinishangaza nikamwambia wazi.

"Lakini mwanangu, ulishamaliza masomo yote. Unatafuta masomo gani tena?"

Akacheka. "Mama, diploma inasema najua kuchimba. Sasa natafuta mutu wa kunipa shimo."

Hilo nililielewa mara moja. Marehemu mume wangu alikuwa mchimbaji katika mgodi wa Musonoi.

Aliandika barua nyingi. Nyingi hazikujibiwa. Labo moja ikajibu: nafasi ipo, ya miaka miwili, juu ya kinga ya mwili na kansa. Wanaoiomba ni wengi, lakini yeye ana kitu ambacho wengine hawana, yaani vipande vya akina mama wa huku kwetu. Atume kwanza vioo vitatu wavijaribu kwa dawa zao. Nilivikata mimi, na kimoja zaidi cha kujaribia rangi yetu. Alipokitazama kile cha rangi alikunja uso. Rangi ilikuwa imeshika hapa, pale imeacha weupe weupe, kama ngozi yenye choa.

"Rangi yetu imezeeka, eh Mama?"

"Imezeeka," nikasema.

Vile vitatu vikaenda na mtawa mmoja aliyekuwa anasafiri.

Barua ya majibu ilikuta mji umegeuka. Mikutano ilikuwa imesema kwamba watu wa Kasai wamekula kazi zetu, warudi kwao. Kwao wapi? Dokta hakuwahi kuiona Kasai hata siku moja. Watu wakapita nyumba kwa nyumba wakipiga madebe. Baba yake, mzee wa treni, alipewa asubuhi moja tu ya kutoka katika nyumba aliyokaa miaka yote. Familia nzima nzima zikahamia stesheni, chini ya plastiki na ndani ya mabehewa mabovu, zikingoja treni ambayo hakuna aliyejua siku yake. Kule kazini jina la dokta lilifutwa ubaoni. Aliyelifuta alikuwa amepona malaria mikononi mwake.

Nilikwenda kumwona na sahani ya bukari, ugali wetu, na samaki wa kukauka. Nilimkuta amekaa juu ya sanduku, barua magotini, baba yake amelala mkekani nyuma yake.

"Banakatala?" nikauliza.

"Bado. Sikiliza." Akasoma Kifaransa, kisha akanigeuzia maneno yao: Dawa zetu hazikushika katika vioo vyote vitatu. Tunadhani vipande viliandaliwa vibaya. Tunakupa hadi mwisho wa mwezi ujao utuletee vilivyo vizuri, la sivyo nafasi atapewa mwingine.

Viliandaliwa vibaya! Masikio yaliniwaka moto.

"Bakuje beye benyewe bakate!" nikapiga kelele hadi watu wakageuka. "Bibaya? Mi? Bibaya?"

"Mama, si wewe. Ni mimi." Akaanza kuhesabu makosa yake kwa vidole. "Pengine niliacha nyama mu dawa ya kwanza siku mingi. Pengine dawa yenyewe ilikuwa ya zamani. Pengine ilioza. Pengine yote ilioza, kazi ya miaka mbili yote."

Nami nilijua. Hapo hapo, sahani ikiwa bado mkononi, nilijua. Nta ya nyuki ni ngumu kutoka, si kama ile nyeupe. Dakika kumi tulizozoea, sisi na wao, katika dawa ya kuyeyusha hazikuitosha. Ilibaki ndani ya nyama ikaziba, na dawa zao za kutambua askari zikagonga mlango uliofungwa. Weupe ule wa choa haukuwa uzee wa rangi.

Nikamwambia ale bukari kabla haijapoa, nikaondoka.

Siku mbili sikurudi. Hili naliandika kwa sababu nataka liandikwe. Mtoto wa watu alikuwa amekaa juu ya sanduku akijilaumu, na mimi nilikuwa nyumbani natwanga muhogo ambao hakuna aliyeuhitaji. Nilijiambia mengi. Kwamba bila nta ile kusingekuwa na kipande hata kimoja, na hilo ni kweli. Kwamba anaondoka hata hivyo. Kwamba mtu mwenye diploma mbili hatakosa mahali. Siku ya tatu nilichoka kujisikiliza. Nikafunga kitenge, nikaenda labo.

Nilitaka kuwa na hakika kabla ya kufungua mdomo. Mkubwa mpya wa labo alikuwa ameketi kwenye kiti cha mashine yangu anasoma gazeti la mwaka uliopita. Kazi haikuwepo. Aliponiona nafungua kabati la vitofali akashusha gazeti.

"Unafanya nini na bitu ya ule mwanamuke? Kazi yake iliisha. Batu bakisikia tunasaidia kilulu, batatuchomea labo."

Kilulu ni mdudu. Ndivyo walivyokuwa wakiwaita, hata watu waliokula nao sahani moja.

"Mi niko na ufunguo ya hii labo tangu wewe uko unanyonya," nikamwambia. "Bachome. Lakini bangoje nimalize."

"Mi sikukuona."

"Muzuri. Soma gazeti. Kule, si hapa."

Akahamia dirishani.

Nilikata tepe mbili kutoka kitofali kimoja. Kioo cha kwanza nilikiweka katika dawa ya kuyeyusha dakika kumi, kama kawaida. Cha pili kilihitaji joto, na umeme hakuna, na dawa ile ukiisogeza karibu na moto utaruka na nyumba. Basi nilikitia katika chupa yenye kifuniko, nikaiweka nje juu ya bati, jua la asubuhi likaipiga mpaka saa tisa. Nilibadilisha dawa mara mbili. Kisha nikavitia vyote viwili katika rangi ile ile, ya zamani, niliyoisingizia.

Cha kwanza kilitoka na choa. Cha pili kilishika kutoka pembe hadi pembe, buluu na waridi, na sisimizi kila mmoja mahali pake. Nilikitazama mpaka jicho likatoa machozi. Nyama ilikuwa nzima. Nilifurahi nikaona aibu, vyote kwa pumzi moja.

Baada ya hapo sikuuliza mtu ruhusa. Vitofali vyenyewe visingeweza kusafiri: joto la behewa la chuma lingevilainisha, au mtu angevifanya mishumaa. Vioo vikavu havijali. Akina mama wa dokta walikuwa thelathini na mmoja. Nilinoa kisu asubuhi nzima mpaka kikakata unywele hewani. Maji ya utepe niliyapasha kwenye mbabula, jiko letu la makaa, nikalipima joto kwa kiwiko kama unavyopima maji ya mtoto mchanga. Siku nne nilikata, mama mmoja baada ya mwingine, vioo viwili viwili, nikavipanga katika sanduku la mbao pamoja na vile viwili vya jaribio. Mkubwa wa labo hakuniona siku zote nne. Siku ya nne aliniletea maji ya kunywa bila kuniona.

Kati ya hospitali na stesheni walikuwa wamelaza gogo barabarani. Aliyekaa juu yake ni mdogo wangu wa tumbo moja, mtu mzima mwenye watoto sita, aliyefukuzwa mgodini kazi ilipokwisha. Alikuwa na wenzake watano na marungu, akaniita kama tunavyomwita dada mkubwa.

"Yaya! Unaenda wapi na sanduku? Unahamia Kasai?"

Wakacheka.

"Nikihamia, nani atakupikia?"

Wakacheka zaidi, safari hii wakimcheka yeye. Akakasirika. "Fungua."

Nikafungua. Vioo vikametameta. Mmoja wao, mwenye sauti kubwa kuliko wote, akaruka nyuma. "Ni bulozi hiyo! Anapelekea kilulu dawa ya kuturoga!"

"Ni matiti," nikasema.

"Nini?"

"Matiti ya bamama ya Kolwezi, bale balipasuliwa ku hospitali. Kuko ya Bakasai, kuko ya Balunda, kuko ya Basanga, kuko ya kwetu. Haiandikwe majina, ni namba tu, mi sijue ya nani ni ya nani." Nikamsogezea sanduku kifuani. "Wewe wa makelele, kwenu hakuna mama mwenye alipasuliwa? Shika basi. Tafuta."

Mkono wake ulikuwa umekwisha kunyooka. Akaurudisha polepole, akaufuta kwenye suruali kana kwamba umegusa kitu. Hakuna aliyecheka. Mdogo wangu akaondoa ncha ya gogo, macho yake yako chini.

"Pita, yaya. Una kichwa nguvu."

"Njo kilikukomalisha," nikamwambia, kwa sababu mama yetu alikufa mapema na mimi ndiye niliyemkuza. Nikapita.

Dokta alikuwa anafua shati la baba yake katika beseni. Siku zote nilimwita mwanangu. Siku hiyo neno hilo halikutoka.

"Dokta, nyama yako haikuoze. Mi njo nilikosa."

Nikamwambia yote nimesimama: nta nyeupe ilivyokwisha, Kasaji, moja kwa tatu, kitambaa cha kuchujia, chupa juu ya bati. Alisikiliza mpaka sabuni ikamkaukia mikononi.

"Miaka mbili?"

"Miaka mbili."

"Na siku nilikuuliza juu ya rangi?"

"Sikujua bado. Lakini nilijua kuko kitu nilifanya bila kukuambia. Nikanyamaza."

"Mi silale, Mama. Tangu hii barua silale." Akainua kona ya sanduku, akatoa bahasha iliyofungwa. "Unaona hii? Nilibaandikia bapatie mutu mwengine ile nafasi. Niko nangoja tu mwenye kuipeleka."

Akasimama, akaenda kwa kufuata reli mpaka mwisho wa mabehewa, mgongo umenyooka kama fimbo. Alikuwa na haki. Mimi nilibaki na sanduku langu mikononi kama mtu aliyekuja kuuza kitu kisichonunuliwa. Kutoka mkekani, baba yake, niliyedhani amelala, akasema bila kufungua macho:

"Mi niliendesha treni maisha yangu yote. Treni haingoje batu bamalize kugombana."

Sijui kama binti alisikia. Alirudi. Alitoa vile vioo viwili vya jaribio, akaviinua juani, kimoja kila mkono. Hata bila darubini ilionekana: kimoja kama ramani iliyoliwa na panya, kingine kimejaa. Akavitazama muda mrefu. Kisha akakaa chini kwa kishindo.

"Moja kwa tatu?"

"Moja kwa tatu."

"Pa jua, saa ngapi?"

"Kuanzia asubuhi mpaka saa tisa. Nabadilisha dawa mara mbili."

Akachukua karatasi na kalamu, akaandika mstari mmoja, akaacha. Akanisukumia kalamu.

"Hapana. Andika wewe."

"Mi?"

"Balisema kazi ni mubaya. Fundi ajibu."

Niliifuta kalamu kwa kitenge kama ninavyofuta kisu. Sikuwahi kumwandikia mtu barua. Niliandika kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili chetu, nikiacha nafasi ili yeye atie Kifaransa chini ya kila mstari:

"Mi njo nilikata. Nta ya mweupe ilikosekana juu ya mambo ya hapa. Nilichanganya na ya nyuki, moja kwa tatu, sikuambia dokta. Kosa ni yangu, haiko yake. Nyama ni muzima. Muache bioo mu dawa ya kuyeyusha kuanzia asubuhi mpaka saa tisa, pa joto, mubadilishe mara mbili. Bioo mbili ya rangi ni ushahidi. Kama mi nasema buongo, mukuje munionyeshe namna ya kukata."

Mstari wa mwisho hakutaka kuutafsiri. Alisema watu wa ng'ambo watakasirika. Nikamwambia mstari huo ukiondoka, na jina langu linaondoka. Akautafsiri. Mdomo wake ulikuwa unazuia kicheko, na hapo nilijua kwamba ile bahasha nyingine haitapelekwa.

Yeye treni yake ingeelekea Kasai, na vioo vilipaswa kwenda upande mwingine. Tulimwendea mfanyabiashara mmoja, Mwislamu, ambaye wazazi wake walitoka mashariki ya nchi, na ambaye malori yake yalikuwa yanakwenda mpaka wa Zambia kuchukua unga. Alitusikiliza amesimama kwenye kizingiti, akapima sanduku mkononi.

"Inavunjika?"

"Inavunjika, tata."

"Basi italala mbele na mi, haitalala nyuma na mifuko. Nitaiposti mi mwenyewe ku Zambia. Kama Mungu anapenda itafika."

Treni ilikuja siku mbili baadaye, mabehewa ya madini, hayana paa. Watu walipanda juu ya watu. Tulimpandisha mzee kwa kumbeba. Dokta alinishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, ikaniuma.

"Mama, usinifanyie tena kitu bila kuniambia."

"Sitafanya."

Nilisimama mpaka behewa la mwisho likapita.

Hospitali ilinipa malipo yangu upesi. Mtu alisema nimetoa mali ya labo nikawapa maadui. Mkubwa wangu, ambaye hakuniona siku nne, sasa aliniona vizuri, akatia sahihi. Nilipelekwa kufua mashuka. Watu walingoja nilie. Nilifua mashuka yale mpaka weupe wake ukawa unaumiza macho, na mwisho wa kila mwezi nilipita mbele ya labo, nikachungulia kama kabati bado limefungwa. Ufunguo wa kabati sikuurudisha, na hakuna aliyethubutu kuuomba.

Miezi ikapita, mvua zikanyesha zikaisha, nafasi ile ilikuwa imekwisha kupewa mtu, awe yeye ama mwingine, na mimi sikujua. Kisha yule mfanyabiashara akaniita nyumbani kwake. Barua ilikuja kwa anwani yake ya Zambia.

Ilikuwa ya dokta, na iliandikwa kwa herufi kubwa ili niisome mwenyewe. Baba yake hakufika Kasai. Walimzika kando ya reli, mahali ambapo treni ilisimama siku tatu. Dokta hakuongeza neno hapo, nami siongezi. Chini yake: nafasi aliipata. Vioo vilimtangulia. Watu wa labo walivikalisha katika joto kama nilivyosema, na dawa zao zikashika. Askari wa mwili wameonekana, kila mmoja kwa nguo yake, katika akina mama ishirini na saba. Wanne wamekataa. Anazihitaji namba hizo nne, zikatwe tena, vioo vitano kila moja, na safari hii ataniandikia kipimo na mimi nimwandikie kila kitu nitakachofanya, hata nikipiga chafya. Na fundi wa kule, mzungu mwenye umri wangu, anauliza hao ni nyuki wa namna gani.

Nilisoma mara mbili nimesimama. Kisha nikaenda labo na aproni ya kufulia, bado imelowa.

Mkubwa alikuwa kwenye kiti kile kile.

"Wewe uko wa mashuka sasa," akasema. "Unatafuta nini hapa?"

Nikaweka barua mezani. Akatazama stempu ya ng'ambo, akasoma, akasoma tena, akatazama mlango, kisha akanitazama mimi.

"Kuko bamama bane," nikamwambia. "Ondoka ku kiti."

Alisimama. Nikakaa, nikafuta mashine vumbi kwa aproni. Yeye akabaki pale, mikono inaning'inia, hajui aiweke wapi.

"Na mi nifanye nini?"

"Pasha maji."